Patasi, tindo na sakafu ya mbao: historia ya kufungua bila kuvunja

Katika kurasa hizi tunataka kueleza historia ya chombo kidogo ambacho kinapatikana karibu katika kila sanduku la fundi wa Goma, lakini hakuna anayekikumbuka anapoandika juu ya desturi zetu. Tunaandika juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya koo, na ni vizuri. Lakini mji wetu una desturi nyingine, bado changa, iliyozaliwa juu ya mawe ya volkano: desturi ya kufungua nyumba ya mbao, kuipakia kipande kwa kipande juu ya chukudu, na kuisimamisha upya pahali pengine. Katika kazi ile sehemu ngumu kuliko zote ni sakafu. Ukuta unafunguka kwa urahisi kwa maana fundi anauona mbele na nyuma. Sakafu anaiona upande mmoja tu, na yeye mwenyewe amesimama juu yake.

Kwanza tusikilizane juu ya maneno, kwa sababu hapa ndipo fujo inapoanzia. Katika Kiswahili cha vitabu kuna patasi na kuna tindo. Patasi ni ya mbao: makali yake ni kama wembe, na ina mpini wa mti au wa plastiki. Tindo ni chuma kitupu toka juu hadi chini, haina mpini, na kazi yake ni kukata chuma au kuvunja matofali na mawe. Katika karakana zetu wengi wanasema siso kwa ile ya kwanza na bire kwa ya pili, kutoka Kifaransa, na wengine wanasema siso kwa zote mbili. Basi fundi mkubwa anaagiza: "Leta siso!" Kijana analeta ile iliyo karibu na mkono. Akileta patasi kwa kazi ya kuinua mbao, makali yake yatakutana na msumari na kumeguka, au chuma chake kitakatikia pale kinapoingia katika mpini. Vyombo hivi viwili si ndugu wa tumbo moja, na historia inatuonyesha kwa nini.

Patasi ni ya zamani sana. Kule Misri, katika kaburi la waziri Rekhmire, karibu na Thebes, kuna picha zilizochorwa karibu mwaka 1450 mbele ya Yesu Kristu, zinazoonyesha maseremala wakiwa kazini. Mmoja anashika patasi na kuipiga ili kutoboa mti. Tuangalie anaipiga na nini: na rungu la mti. Kwa zaidi ya miaka 3,000 mafundi wa mbao wamejua ya kwamba mpini wa mti unapigwa na mti. Anayepiga mpini wa patasi na nyundo ya chuma anaupasua mara chache tu, na vipande vyake vinaingia katika kiganja. Patasi ni chombo cha kuunga: inachimba tundu ili mti mwingine uingie ndani. Haikutengenezwa hata siku moja kwa kuinua kitu.

Kilicholeta kazi ya kufungua ni msumari. Zamani msumari ulikuwa mali. Ulifuliwa mmoja mmoja, fundi chuma anapiga kila upande mpaka unapata ncha. Waroma walipoacha ngome yao ya Inchtuthil, kule Uskoti, karibu mwaka 86 au 87, walichimba shimo na kuzika misumari ndani yake ili wenyeji wasipate chuma cha kufua silaha. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliipata katika miaka ya 1960: zaidi ya misumari 750,000. Hesabu hiyo inashangaza, lakini mfano wa Virginia, Marekani, ndio unaotugusa zaidi. Mnamo 1645, wakati ule ikiwa koloni ya Waingereza, sheria ilitolewa ya kukataza watu wanaohama wasichome nyumba zao. Kwa nini mtu achome nyumba yake? Kwa sababu mbao zilikuwa nyingi kama majani, na misumari ilikuwa haba. Walichoma nyumba, wakachokoa majivu, wakabeba misumari. Serikali iliwaahidi misumari mingine, kadiri ya ile iliyohesabiwa katika nyumba, mradi waiache nyumba isimame.

Kwetu Goma hesabu ni kinyume kabisa. Msumari unauzwa kwa kilo katika duka lolote la kartie. Ubao ndio mali. Watu wa Virginia waliharibu ubao ili kuokoa msumari; sisi tunaharibu msumari ili kuokoa ubao. Mageuzi haya yana sababu. Mwishoni mwa karne ya 18 mashine zilianza kukata misumari katika bamba la chuma, na katika karne ya 19 ukaja msumari wa waya, ule wa mviringo tunaoujua wote. Bei ikaanguka. Lakini kwa sakafu, Waingereza waliendelea siku nyingi na msumari bapa uliokatwa, kwa maana unashika zaidi: pembe zake zinakunja nyuzi za mti kuelekea chini, na nyuzi zile zinaubana. Ukiulazimisha, ubao unapasuka mbele msumari haujaachia. Msumari wa waya unatoka vizuri zaidi, lakini hata huo, ukishakula kutu ndani ya mti wenye unyevu, unajishika sawa vile una mizizi.

Na kuinua mbao za sakafu kulikuwa kazi ya kila siku lini? Jibu liko Ulaya, na limetokana na umeme. Nyumba nyingi za miji ya Uingereza zilijengwa katika karne ya 19, zikiwa na sakafu za mbao juu ya boriti, na chini ya mbao kuna nafasi tupu. Zilipojengwa hakuna aliyefikiria waya. Baadaye, zaidi sana kisha sheria ya 1926 iliyoleta mtandao mmoja wa umeme kwa nchi nzima, mamilioni ya nyumba zilitaka taa. Waya upite wapi? Chini ya sakafu. Basi fundi umeme akalazimika kuinua mbao za watu waliokuwa wakiishi ndani, na kuzirudisha bila alama. Kwa kazi ya namna ile anatumia tindo ya pekee: bapa, pana kadiri ya sentimita 5 au 6, yenye shina refu. Upana ndio siri yake. Tindo nyembamba inakusanya nguvu zote pahali padogo na kuponda ukingo wa ubao. Ile pana inagawanya nguvu, na ubao unapanda mzima. Urefu wa shina unaweka mkono mbali na nyundo, tena unasaidia kukandamiza.

Huku kwetu tulianzia mbali na mambo haya. Mafundi chuma wa eneo la Maziwa Makuu walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wazee wetu walifanya kazi ya mti kwa shoka na tezo: mitumbwi ya ziwa, viti, vinu, na ile mitumbwi ya kukamulia ndizi kwa ajili ya kasiksi. Vyote hivyo vilitoka katika gogo moja. Mtu alipunguza gogo mpaka likawa chombo. Hakuunga mbao kumi na misumari mia. Kwa hiyo hakuhitaji kufungua. Tusione aibu juu ya hilo, ni njia nyingine ya kufikiri mti.

Sakafu ya mbao ilifika Kongo na meli. Boma, ambao ulikuwa mji mkuu toka 1886 hadi miaka ya 1920, ulipokea nyumba za mbao na za chuma zilizotengenezwa Ulaya na kuletwa kwa vipande. Ziliinuliwa juu ya nguzo, kwa maana Wazungu wa wakati ule waliogopa hewa mbaya inayotoka katika udongo. Neno lenyewe malaria linatoka katika Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Mnamo 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, aliona kijidudu cha malaria ndani ya mbu, na kisha hapo ikajulikana ya kwamba kosa halikuwa la udongo. Tukumbuke hilo, kwa maana huku Goma tutalikuta tena kwa namna ambayo Wazungu wa Boma hawakuijua.

Sasa tufike kwetu. Nyiragongo ilitapika tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002. Ile ya 2002 iliingia katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikafika mpaka ziwani. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Mawe yalipopoa, wengi walirudi juu ya viwanja vyao, ambavyo sasa vilikuwa jiwe tupu. Kuchimba msingi katika jiwe lile ni kazi ya wiki nyingi na pesa nyingi. Nyumba ya mbao haidai msingi wa namna ile: unasawazisha mawe, unapanga boriti, unapigilia. Nyumba za mbao zilikuwako mbele ya 2002, lakini toka hapo zikawa sura ya kartie nzima. Nyingi zina sakafu ya changarawe au ya sima. Zingine, kwa wale walioweza, zina sakafu ya mbao iliyoinuka juu ya jiwe, na hapo ndipo mada yetu inapoanzia kazi.

Kwa maana nyumba hizi zinahama. Mtu amejenga katika kiwanja cha kukodi, mwenye kiwanja anakitaka. Anachukua mbao zake. Kijana ameoa, baba anampa chumba kimoja cha nyumba, kwa maana halisi: kinafunguliwa na kupelekwa. Kisha moto wa 22 Mei 2021, uliosimama katika vitongoji vya kaskazini kama Buhene, na kisha amri ya tarehe 27 Mei ya kuondoa watu katika kartie 10 za mji, wengi walirudi na kukuta ardhi imepasuka kwa matetemeko. Wengine walisogeza nyumba kutoka juu ya ufa. Ubao mmoja mzuri unaweza kupigiliwa na kukongolewa mara tatu, nne, na bado ukawa ubao. Ukipasuka mara moja, ni kuni. Kwa mama anayeishi kwa kuuza sambaza au makala, mbao kumi zilizopasuka ni faida ya miezi. Na jicho la kijana aliyepiga tindo bila kulikinga halinunuliwi sokoni.

Mimi nafundisha historia, si useremala, na mafundi watanisamehe nikiingia katika shamba lao. Lakini nimeona ya kwamba kazi ya kufungua haifundishwi popote. Tunafundisha vijana kuunga, kupima, kupiga randa. Kubomoa kunaachiwa yeyote mwenye nguvu, na hilo ni kosa, kwa maana kufungua kunadai akili kushinda kuunga: anayefungua anasoma kazi ya mtu mwingine ambaye hayuko tena.

Tuseme basi namna ya kuchagua. Tindo nyingi za hapa hazitoki dukani, zinafuliwa na mafundi chuma kutoka katika resore za magari ya zamani. Ni chuma kizuri, kigumu, chenye kurudi kikipindwa. Zingine zinafuliwa kutoka vyuma vya kujengea beto. Hizo ni laini, zinapinda siku ya kwanza, tusizinunue hata kwa bei ya bure. Namna ya kujaribu ni rahisi: chukua tupa. Pale kwenye makali, tupa iteleze au iume kidogo sana, maana chuma kimekazwa kwa moto na maji. Pale juu, kwenye kichwa kinachopigwa, tupa lazima iume vizuri. Kichwa kikiwa kigumu sawa na makali, fundi alitumbukiza tindo nzima katika maji, na chombo kile ni hatari: nyundo ngumu juu ya kichwa kigumu inarusha vipande kama risasi. Kichwa laini hakipasuki, kinatandaa tu. Lakini kikitandaa mpaka kikawa na ukingo sawa uyoga, vipande vya ukingo vinaweza kuruka navyo. Dawa yake ni kukisaga mpaka ukingo uishe. Uyoga wa namna ile nimeuona karibu katika kila karakana niliyopita, na mafundi wanauonyesha kwa fahari, sawa vile ni cheo cha uzee.

Makali ya tindo ya sakafu yawe membamba ya kutosha kuingia kati ya mbao mbili, lakini yasiwe wembe. Kazi yake ni kutenganisha, si kukata. Upana, sentimita 5 au zaidi. Urefu, angalau sentimita 25, vidole visikae jirani na nyundo. Nyundo yenyewe iwe na uso mpana kuliko kichwa cha tindo. Miwani ya plastiki ya kukinga macho inasaidia kuokoa jicho.

Mbele ya kupiga, tusome sakafu. Mistari ya vichwa vya misumari inaonyesha boriti ziko wapi. Ubao wa kwanza ni ule uliolegea, au uliokatwa mfupi, au ulio karibu na mlango. Hatuanzii katikati kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tumesimama. Mbao zingine zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zimeingiliana. Hizo hazipandi mpaka ulimi wa ubao wa kwanza ukatwe kwa msumeno mwembamba. Ubao mmoja unatolewa sadaka, zingine zote zinaokoka. Tindo inaingizwa karibu na msumari, si mbali nao, maana ubao ukiinuliwa katikati ya boriti mbili unapinda na kukatika. Chini ya tindo tunaweka kipande cha mti, ili isiponde ubao wa jirani. Inua kidogo upande huu, kisha upande ule. Ukingo ukipanda sentimita 2 au 3, tindo imemaliza kazi yake. Hapo unaingia mtaimbo, na mti wa kupitisha chini ya ubao ili usirudi. Unasogeza mti ule mbele, unakandamiza ncha, na misumari ya boriti inayofuata inaanza kulia yenyewe. Mzee mmoja wa kazi hii huwaambia vijana wake: "Musikilize ubao. Ikilia ni musumari, endelea. Ikinyamaza halafu ipige kelele, ni mbao yenyewe, simama." Sijaona kitabu kilichosema vizuri zaidi.

Mkono wa kushoto usitangulie makali. Kila msumari unaotoka unakongolewa palepale au unapindwa, hauachwi umesimama na ncha juu, maana pepopunda haichagui. Waya wa umeme ukatwe kwenye chanzo mbele tindo ya kwanza haijaingia. Katika nyumba zetu waya unapita popote jirani alipoona nafasi, hata chini ya mbao, na tindo ni chuma kitupu mkononi.

Kisha liko jambo ambalo vitabu vya Uingereza havilisemi, nalo ni la kwetu. Nafasi ile iliyo kati ya sakafu na jiwe inaweza kuwa na mazuku. Wote tunajua neno hilo. Wanasayansi wa nchi za nje wamelichukua hivyo hivyo katika maandishi yao. Ni gesi ya kaboni inayotoka katika nyufa za ardhi, upande wa Bulengo na Ziwa la Kijani zaidi, lakini na pahali pengine pia. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa kadiri ya mara moja na nusu; ndiyo maana inalala chini, katika mashimo, pahali penye kuua mbuzi na kumwacha mtu mrefu akipita. Anayeinua mbao anafanya nini? Anapiga magoti, anaingiza kichwa kutazama boriti. Wazungu wa Boma waliinua sakafu wakikimbia hewa ya udongo isiyokuwako. Sisi tunainua mbao juu ya udongo ambao kweli unapumua. Basi mbao mbili tatu za kwanza zikitoka, milango na madirisha yote yafunguliwe, watu watoke nje, upepo upite kwa muda. Mshumaa hautoshi kutuonya, maana unapozimika hewa imekwisha kuwa mbaya. Hakuna kufanya kazi hii peke yako, na watoto wanaookota misumari wakae nje mpaka sakafu iwe wazi.

Mafundi wazuri wana kitendo kimoja tena, ambacho kwangu ni maandishi ya kweli ya mji huu. Mbele ya kuinua, wanachukua kaa la moto lililozimika na kuandika namba juu ya kila ubao, toka mlangoni kwenda ukutani, pamoja na mshale wa kuonyesha upande wa barabara. Nyumba ikisimamishwa pengine, kila ubao unarudi penye jirani yake, na matundu ya misumari ya zamani yanaangukia juu ya boriti zile zile. Kuna sakafu katika mji wetu zenye namba mbili au tatu juu ya ubao mmoja, za mikono tofauti, moja imefutika nusu, nyingine bado nyeusi.